"Zetel" ya Kiholanzi: ni kochi, kiti au makao ya kampuni?

MtafsiriTanga
Wakuu, nina nyaraka mbili za Kiholanzi. Ya kwanza ni orodha ya samani za nyumba ya kupanga Antwerp, Ubelgiji: "1 zetel, 4 stoelen". Ya pili ni katiba ya kampuni ya Rotterdam, inataja "statutaire zetel". Neno hili limetoka wapi, na niliandikeje kila mahali?

Kalamu_Gent
Kwenye orodha andika "kochi 1, viti 4". Ubelgiji, zetel ni kochi la sebuleni. Stoel ni kiti cha kawaida, cha mezani. Usiongeze "la mtu mmoja" kabla hujaona picha, maana Wabelgiji wengi huita zetel hata lile refu. Mholanzi angesema fauteuil kwa la mtu mmoja na bank kwa refu. Kwake zetel ya kukalia ni kiti cha enzi au cha heshima, ndiyo maana kamusi iliyochapwa Uholanzi itakupoteza hapo.

Mzizi
Kuhusu asili: zetel ni ndugu wa zitten, "kukaa". Ukoo huohuo una Sessel ya Kijerumani na sella ya Kilatini, ambayo zamani ilikuwa *sedla (nyota ni alama ya umbo la kukisiwa), kisha d ikamezwa na l. Wengi hudhani stoel nayo imo humo. Hapana, yenyewe inatoka kwenye mzizi wa "kusimama", pamoja na Stuhl ya Kijerumani. Na fauteuil, ingawa inasikika Kifaransa kitupu, ilianza kwa Wafranki, watu wa kale wa lugha ya Kijerumani, kama *faldistōl, kiti cha kukunja. Wafaransa waliichukua, wakaibadilisha sauti, Waholanzi wakaiazima upya.

Kalamu_Gent
Hiyo ya kampuni ndiyo inayoleta hasara. Usiandike "makao makuu". Statutaire zetel ni makao ya kisheria yanayotajwa kwenye katiba, na Uholanzi hutajwa manispaa tu, bila mtaa wala namba. Kampuni inaweza kuwa na zetel Rotterdam huku ofisi zote ziko Utrecht. Andika "makao yaliyosajiliwa". Ofisi kuu yenyewe ni hoofdkantoor.

MtafsiriTanga
Nimeelewa, asanteni. Na restzetel kwenye habari za uchaguzi?

Mzizi
Hapo "kiti" kinatosha, kama tunavyosema kiti cha ubunge. Tweede Kamer, baraza la chini la bunge la Uholanzi, ina viti 150. Kura halali hugawanywa kwa 150 kupata kiesdeler, na kila chama hupewa kiti kwa kila kiesdeler kamili. Vinavyobaki bila mwenyewe ndivyo restzetels: "viti vya masalia". Chama kisichofikisha kiesdeler moja hakigawiwi hata viti hivyo vya masalia.