Nitembelee rasi ipi Iceland?

Swali: Ndugu zangu, nitakuwa Iceland kwa siku tatu mwezi Juni, nami ningependa kutembelea rasi moja kwa utulivu badala ya kushinda barabarani. Je, niende Dyrhólaey au Snæfellsnes?

Jibu: Dyrhólaey ina jabali jeusi lililotobolewa na bahari hata likawa kama lango, ila wakati wa ndege kutaga, Mei na Juni, sehemu yake huweza kufungwa.

Jibu: Mimi ningechagua Snæfellsnes, kwani kati ya vijiji vya Arnarstapi na Hellnar kuna njia ya miguu ya takriban kilomita 2.5 inayopita juu ya lava iliyoota kuvumwani (kuvu na mwani vilivyoungana), huku ndege wakipiga kelele kwenye magenge. Chukua koti zito; mwavuli kule hauna kazi.

Muulizaji: Ahsanteni. Snæfellsnes, basi.