Shoga yangu ameniandikisha mbio za Disney Florida, tukimbie pamoja au kila mtu na lwake?

Mwali wa Shangani

Habari za humu wapendwa, poleni na joto. Naomba ushauri, mkitaka kucheka chekeni ila mnijibu kwanza.

Nina shoga yangu tumekua wote Ligula hapa Mtwara, tulikuwa tunaazimana madaftari mpaka mama zetu wakawa wanagombana nani kamaliza kalamu ya nani, sasa hivi yuko Texas anauguza wazee. Mwezi uliopita nimelala zangu naona voisi imeingia, nafungua ni kelele tupu, kumbe kapata nafasi mbili za nusu marathon kule Walt Disney World, Florida, zile mbio zao za Januari, na ya kwangu kashalipia kabisa. Dola mia mbili na ushee!! Nikamwambia wakurudishie, akasema hela hairudi na nafasi huwezi kumpa mtu mwingine, jina likishaandikwa ndo limeandikwa. Viza ninayo bado hai, niliipata kipindi kile nilienda kwa dada yangu alipojifungua, kwahiyo hata kisingizio sina.

Sasa tatizo. Mimi nakimbia kweli jamani, mwaka wa tatu huu, alfajiri nazunguka Shangani kule baharini, na nusu marathon ya Moshi nilimaliza saa mbili na dakika kumi na nane, safari hii nataka nishuke chini ya saa mbili na kumi. Yeye hajawahi kuvuka kilomita nane. Na mipango yake sasa, tukimbie bega kwa bega, tusimame kupiga picha na kila katuni njiani, tuvae sketi nyekundu za doti kama za Minnie sare sare, na siku tatu kabla ya mbio tuzimalize paki zao zote nne, Magic Kingdom, Epcot, Hollywood Studios na ile ya wanyama. Ya wanyama! Mtu wa Tanzania nikaangalie twiga Florida. Kila nikitaka kumwambia ukweli nanyamaza, maana kalipa yeye.

Mnaokimbiaga na marafiki mnafanyaje mpaka mnarudi nyumbani bado mnaongea? Na hilo la kuanza saa kumi na moja alfajiri ni kweli au ananitania?

ChunoBoy

Ngoja nielewe. Mtu anatoa hela ya gunia mbili za korosho ili aruhusiwe kukimbia? Huku Chuno mbwa wa jirani anakukimbiza bure na taimu unavunja. Basi nenda ukatuwakilishe, Mtwara kuchele.

Mama Mapacha

Shoga hakutanii, ni saa kumi na moja alfajiri giza bado limetanda, na mabasi ya kuwatoa hotelini yanaanza usiku wa manane. Mimi nilikimbia hiyo hiyo nusu kipindi nasoma huko, na niliyeenda naye tulikaa miezi minne hatuongei kwahiyo nisikilize vizuri, kimbieni pamoja msiachane njiani.

Nianze na picha maana ndo zilituua. Wale wakina Goofy wanasimama pembeni ya njia, kila mmoja na foleni yake, na saa yako haisimami eti kwa sababu uko kwenye foleni. Tulikuwa hata hatujafika mbali mwenzangu akaona foleni ya kwanza akaingia, mbele yetu watu kama thelathini, mimi narukaruka nisipoe yeye anarekebisha masikio ya Minnie kichwani kwa kioo cha simu. Dakika kumi na moja zikaenda. Tukatoka nakimbia kwa hasira yeye nyuma anahema, hatujamaliza hata kilomita kaona foleni nyingine, nikamwambia baki. Neno moja tu, baki. Nilimsubiri kwenye finishi karibu saa nzima, nina medali shingoni na chumvi usoni, alipofika akanipita kama hanijui akaenda kuchukua ndizi.

Taimu yangu yenyewe unajua ilikuwaje? Mbaya kuliko ya mazoezi. Njia ukiingia ndani ya Magic Kingdom inabana, unapita ule mtaa wa maduka watu wamejaa pembeni wanapiga kelele, unapita ndani kwenye ngome ya Cinderella, mbele yako watu wamesimama ghafla wanajipiga selfi, utavunja rekodi saa ngapi?

Kitu kingine mwambie mapema asije akalia. Kuna kikomo cha mwendo, dakika 16 kwa maili moja, kwa hesabu yetu ni dakika kumi kasoro kidogo kwa kilomita. Nusu nzima hapo ni kama saa tatu na nusu. Nyuma kabisa ya watu wote wanakuja wakinamama wana mapulizo wanatembea mwendo huo huo, wakikupita na ukashindwa kuwarudia unaweza kupandishwa gari. Kwahiyo foleni zote za picha haziwezekani kwa mtu ambaye hajavuka kilomita nane, achague.

Na mwangalie asikuongezee na kingine. Alhamisi kuna kilomita 5, Ijumaa kilomita 10, Jumamosi nusu, Jumapili marathon nzima, sasa kuna watu wanaunga nusu na nzima wanaita Goofy, hiyo ni kilomita 63 kwa siku mbili, na kuna Dopey anayekimbia siku zote nne, kilomita 78. Shoga yako namsikia ni mtu wa kubonyeza kwanza kusoma baadaye.

Mzee wa Mikindani

Binti yangu mimi nitasema tofauti na dada hapo juu. Kila mtu akimbie mbio zake mkutane mwisho. Mguu una mwendo wake, ukilazimisha mwendo wa mwenzako unaumia, ukimburuta aende wako ataumia yeye. Nimekimbia na marafiki tangu enzi za raba za mtumba tunabana kwa gundi, waliodumu ni wale tulioachana pale pale mstarini tukakutana kwenye maji.

Mazoezi unayo hapo hapo nyumbani. Toka mjini mpaka Mikindani ni kama kilomita kumi au kumi na moja, ukishaanza kuiona ghuba unajua umefika, gusa ukuta wa Boma la kale urudi, hiyo ni nusu marathon hujalipa hata senti. Toka kabla jua halijachomoza maana miezi hii ya Novemba Desemba ukichelewa utachemka kama ming'oko, vile viazi pori vyetu, kwenye sufuria.

Lakini ninalokuhofia mimi siyo mbio, ni safari. Usipange basi la Mtwara kufika Dar siku hiyo hiyo ya ndege. Mwaka 2024 mwezi wa tano mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara kule Somanga, watu wakalala njiani siku na siku. Hata bila kimbunga, mwanangu wa kwanza aliwahi kukosa ndege kwa sababu basi lilikufa kabla ya daraja la Mkapa, fundi yuko chini ya gari abiria wanakula mihogo. Panda ndege ya Mtwara Dar kama mfuko unaruhusu, kama hauruhusu lala Dar siku mbili.

Mwali wa Shangani

@Mama Mapacha nimecheka ndizi mpaka machozi pole shoga. @Mzee wa Mikindani shikamoo baba, ushauri nimeupokea. Ila nimebaki njia panda, mmoja anasema picha zitatugombanisha mwingine anasema tuachane. Alafu usingizi? Nitatoka huku nimechoka na ndege masaa yote hayo nikaamke tena saa nane usiku?

Mlindi Halisi

Watu wa Mtwara mnapenda kulalamika, mngekuja Lindi mkapewa pweza mkatulia. Hilo la usingizi ndo jepesi kuliko yote. Florida mwezi wa kwanza wako nyuma yetu masaa nane. Saa nane usiku yao huku ni saa nne asubuhi, yani we saa hizo ushakunywa chai na chapati mbili. Mwili utakuamsha wenyewe kabla ya simu. Mbio zikianza kwao saa kumi na moja alfajiri huku ni saa saba mchana.

Kwahiyo kosa la watu ni kujilazimisha kuzoea saa za kule, wanakaa macho mpaka saa nne usiku waonekane wenyeji. Usizoee. Ikifika saa kumi jioni utasinzia juu ya sahani kwa sababu huku ni saa sita usiku, kula mapema ulale zako saa kumi na mbili na haya usione. Atakayeumia ni mwenyeji wako, Texas wako nyuma ya Florida saa moja, hiyo saa kumi na moja kwake ni saa kumi. Na wewe mgeni wa kutoka Shangani ndo utamgongea mlango haha.

Kingine baridi. Januari kule alfajiri inaweza kushuka mpaka nyuzi tano, na mtakaa nje muda mrefu mnasubiri. Wazoefu wanavaa sweta la kutupa, mkikaribia kuondoka unavua unaliacha. Nenda sokoni kachague sweta la mtumba zito. Limetoka Marekani likavuka bahari likaja Mtwara ukalinunua, sasa unalirudisha kwao ukalitupe, waliokote walifunge kwenye belo lije tena. Ukilikuta sokoni mwaka kesho usilinunue.

Mama Mapacha

Hilo la sweta ni kweli kabisa, mimi niliacha la mume wangu na hajui mpaka leo.

Nijibu njia panda sasa. Mzee nakuheshimu ila kwa mbio hizi siachi msimamo wangu, mtu kakulipia kakuvusha bahari alafu umwache kwenye giza katikati ya maelfu ya watu? Moshi ipo kila mwaka, taimu kaitafute Moshi. Tena angalieni makundi ya kuanzia, wanawapanga kwa muda mliojaza wakati wa kujiandikisha. Kama yeye yuko kundi la nyuma na wewe la mbele, wa mbele anaruhusiwa kurudi nyuma ila wa nyuma haruhusiwi kusogea mbele. Kwahiyo kuanza pamoja maana yake wewe ndo unashuka kwake, na ukishuka iache kabisa hiyo saa mbili na kumi, usishuke alafu ukaanza kuangalia saa ya mkononi kila dakika kama mimi nilivyofanya. Hicho ndo kilichotugombanisha, picha nimezisingizia tu.

Paki mpeleke baada ya mbio. Tiketi zake ni hela nyingine, haziko ndani ya malipo ya mbio, na kutembea huko kutwa nzima na kusimama kwenye foleni za bembea ni mazoezi ya marathon tayari. Kabla ya mbio mtoke mara moja tu kwenda kuchukua namba za kifuani, inachukuliwa ESPN Wide World of Sports, viwanja vyao vya michezo huko huko Disney, kila mtu mwenyewe na kitambulisho chake, hawezi kukuchukulia. Ndo maana Mzee anakwambia usichelewe ndege.

Nyota ya Kusini

Mimi sikimbii ila nasafirishaga korosho kwa ndugu zangu huko. Zilizokaangwa beba, waambie watu wa forodha kwamba una chakula, usifiche. Ming'oko mibichi usijaribu hata kama shoga analia anaitaka, watakunyang'anya.

Mwali wa Shangani

Nimerudi. Jana usiku nimempigia, nikajikaza nikamwambia yote, taimu, picha, paki, nikamsomea na habari ya ndizi. Kimya. Nikajua nishaharibu. Kumbe anacheka kaziba mdomo yuko zamu. Akaniambia "we mjinga, hizo picha zote nilikuwa natafuta sababu za kupumzika, naogopa utaniacha maili ya pili nife peke yangu". Mwezi mzima najua rafiki yangu anapenda katuni kumbe anaogopa pumzi.

Tumekubaliana nashuka kundi lake na saa ya mkononi inabaki hotelini. Picha tatu basi, moja lazima iwe mbele ya ngome, hiyo kagoma kabisa kuitoa. Paki Jumapili na Jumatatu, ya wanyama nimeifuta. Sketi za doti zimebaki, nimeshindwa vita hiyo. Na yeye ameanza kutembea na kukimbia kwa zamu, dakika mbili kwa moja, mara nne kwa wiki, ananitumia picha ya saa akimaliza.

Mzee wangu, Jumamosi saa kumi na moja alfajiri natokea nje ya uwanja wa Nangwanda naenda kugusa huo ukuta wa Boma. Anayetaka kuja aje, kila mtu na maji yake.

Mzee wa Mikindani

Nitakusubiri huku huku na madafu, goti halitaki tena.

ChunoBoy

Mimi naja. Mbwa nimlete?