Mrejesho: ile skripti ya kusasisha Linux yenyewe

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini skripti tunayoijenga pamoja, ya kusasisha Debian na Ubuntu na kuweka marekebisho madogo, inaganda usiku, siku nyingine inakufa kabisa, na marekebisho yangu yanapotea.

Kuganda: dpkg, programu inayosakinisha vifurushi, ilikuwa inauliza faili gani la mipangilio libaki, langu au jipya, na saa nane usiku hakuna wa kuijibu. Nimeweka DEBIAN_FRONTEND=noninteractive (usiulize maswali) pamoja na --force-confdef na --force-confold (chukua jibu la kawaida, lisipokuwepo bakiza faili la zamani). Aliyesema hiyo ya kwanza peke yake haitoshi alikuwa sahihi. Nilimbishia sana, naomba radhi.

Kufa ni suala la kufuli: dpkg inatumiwa na programu moja tu kwa wakati. Unattended-upgrades, huduma ya mfumo ya kusasisha yenyewe, ilikuwa inaamka muda uleule na kushika dpkg, basi apt, amri ya kusasisha ndani ya skripti yangu, inakata tamaa papo hapo. Sasa inasubiri: DPkg::Lock::Timeout=600, yaani dakika 10.

Marekebisho kupotea ni uzembe wangu. Niliandika vm.swappiness=10 (jinsi mfumo unavyopenda kuhamishia kumbukumbu kwenye diski) ndani ya faili lililoko /usr/lib/sysctl.d, ambalo ni mali ya kifurushi. Kikisasishwa, faili linaandikwa upya na thamani inarudi 60. Nimehamia /etc/sysctl.d, faili langu mwenyewe, halijaguswa tena.

Kwa mashine zinazozimwa usiku, cron, kipangaji cha kazi za saa maalumu, nimeitupa. Taima ya systemd (programu inayoendesha huduma za mfumo) yenye Persistent=true inafanya kazi iliyokosa mara mashine ikiwaka.

Kurudi nyuma sasisho likiharibu mambo bado sijaweka. Mwenye uzoefu wa snapshoti (picha za hali ya diski za kurudia) za Btrfs, mfumo wa faili, anisaidie hapo.