Nyusiku tatu Dubai kwa pointi: Deira au kule Burj Khalifa?

MjaKuze
Assalam aleykum wakuu. Mimi na mke wangu tunaondoka Mombasa mwezi wa kumi na moja, nyusiku tatu Dubai. Shughuli kubwa ni Naif, Murshid Bazaar na soko la dhahabu, kisha jioni moja Dubai Mall. Nina pointi 52,000 za Marriott Bonvoy (mpango wa pointi wa hoteli za Marriott), mke ana kama 30,000 za Hilton. Ramani inanivuruga: kila hoteli yajinadi iko "karibu na Creek" (ile hori ya bahari inayopita katikati ya Deira na Bur Dubai) au "karibu na uwanja wa ndege". Tukae upande gani, na nitajuaje kama pointi naziunguza bure?

Nahodha wa Tudor
Wa aleykum salaam. Kaeni Deira. Masoko yote uliyotaja yako Deira, na Dubai Mall mnaendea jioni moja tu. Mkilala Downtown, yaani kule Burj Khalifa, mtakuwa mnasafiri kila asubuhi kwenda kazini na kurudi na mizigo mkononi.

Usichague kwa kuangalia nyota, chagua stesheni ya metro kwanza halafu utafute hoteli iliyo karibu nayo. Kwenu nyinyi stesheni ni Union, kwa sababu laini nyekundu na ya kijani zinakutana hapo. Ukishika ya kijani kuelekea upande wa Creek, stesheni inayofuata ni Baniyas Square (Naif), kisha Gold Souq (zamani iliitwa Palm Deira), kisha Al Ras. Ukishika nyekundu, Burj Khalifa/Dubai Mall ni stesheni ya saba bila kubadilisha treni. Ila kutoka stesheni hiyo hadi ndani ya duka kuna njia ndefu iliyofunikwa, kama mita 800, kwa hiyo mama asivae viatu vya harusi.

Sheraton Dubai Creek iko mwendo wa miguu kutoka Union na inatumia Bonvoy. Radisson Blu Deira Creek nayo iko ufukweni hapo hapo, lakini pointi zake ni za Radisson, hazikusaidii.

Tahadhari ya majina. "Dubai Creek Harbour" si Deira, ni mtaa mpya mbali na masoko. "Festival City" iko kando ya Creek kweli, lakini haina stesheni ya metro. Na hoteli yenye neno "Airport" inaweza kuwa Al Qusais au Garhoud, huko hutasikia hata harufu ya bizari ya sokoni. Tena usiamini ile alama ya "umbali kutoka katikati ya mji" kwenye programu za kuweka hoteli. Dubai haina katikati moja, programu imejichagulia yenyewe.

BintiKibokoni
Nakubaliana na Nahodha kuhusu mahali. Mimi niseme hesabu, maana wengi wanakosea hapa.

Chukua bei ya pesa taslimu ya chumba kile kile, tarehe zile zile, ikiwa na kodi zote. Bei ya kwanza unayoiona Dubai mara nyingi haijaongezwa asilimia 10 ya huduma, 7 ya manispaa na 5 ya VAT, kwa hiyo fungua mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa. Toa kile ambacho utalipa hata ukitumia pointi. Kinachobaki gawanya kwa maelfu ya pointi.

Mfano wa kujifunzia tu, si bei ya leo: nyusiku tatu ni dirhamu 1,260 na kila kitu ndani, au pointi 45,000. Ndani ya hiyo 1,260 kuna ushuru wa utalii, ule wa Tourism Dirham: hoteli ya nyota tano dirhamu 20 kwa chumba kwa usiku, nne 15, tatu 10. Huo hulipwa mapokezi hata kwa mgeni wa pointi. Kwa nyota tano toa 60 (20 mara tatu), inabaki 1,200. Gawanya kwa 45, unapata kama dirhamu 26.7 kwa kila pointi elfu.

Kwangu mimi Bonvoy ikifika 25 kwa elfu, tumia. Ikishuka chini ya 20, lipa pesa, weka pointi. Hilton pointi zake ni nyepesi, 18 inatosha. Dirhamu imefungwa kwa dola (3.6725), basi hesabu hii haitikisiki hata shilingi ikiyumba.

Bonvoy haina bei moja ya pointi, inapanda na kushuka kwa tarehe. Jaribu kusogeza safari siku moja mbele au nyuma uone. Na ile ofa yao ya usiku wa tano bure sahau, nyinyi mna tatu.

MjaKuze
Shukran sana dada. Je, nichanganye? Usiku mmoja Hilton kwa pointi za mke, mbili Marriott?

BintiKibokoni
La, kaka. Kuhama hoteli katikati ya nyusiku tatu ni kupoteza nusu siku: chumba cha kwanza unatoka mchana, cha pili unapewa saa tisa, na mabegi yanazurura. Pointi za Hilton ziacheni, ila ziangalieni zisife. Akaunti ikikaa miezi 24 bila shughuli zinafutwa, na Bonvoy ni hivyo hivyo.

Kama 52,000 hazitoshi nyusiku tatu, mwanachama mwingine wa Bonvoy anaweza kukuhamishia zake. Fanyeni mapema, si usiku wa kuamkia safari.

FundiTiketi
Naongeza ya vitendo.

Angalia tiketi mtashukia Terminal gani. Metro iko Terminal 1 na 3 tu. Terminal 2 haina, na flydubai hutumia 2 na 3. Ukishuka 2, panga teksi. Teksi ya uwanja wa ndege inaanza kuhesabu kwenye dirhamu 25.

Ndege ikifika usiku wa manane metro imelala. Jumatatu hadi Alhamisi na Jumamosi hufunga saa sita usiku, Ijumaa saa saba, na Jumapili haifunguki mpaka saa mbili asubuhi. Ijumaa adhuhuri maduka mengi ya masoko ya zamani hufungwa na kurudi alasiri, basi siku hiyo ya Dubai Mall iwekeni Ijumaa.

Amana, ile pesa ya dhamana ya chumba: hoteli nyingi mapokezi watataka kadi ya plastiki yenye jina lako. Kadi ya simu ya M-Pesa GlobalPay inalipa mtandaoni vizuri, lakini mapokezi wanaweza kuikataa. Ukitoa kadi ya debiti, pesa halisi inazuiliwa na inaweza kuchukua siku kadhaa kurudi, kwa hiyo msiweke humo pesa ya bidhaa.

Mwisho, omba chumba cha juu kinachotazama maji. Hoteli za zamani za Deira nyingi zina klabu chini, na muziki haujui kuna mtu anaamka alfajiri.

MjaKuze
Tukirudi na mizigo ya Murshid, metro wataturuhusu?

Nahodha wa Tudor
Kila abiria mabegi mawili: kubwa lisizidi sentimita 81 kwa 58 kwa 30, dogo 55 kwa 38 kwa 20. Robota la vitambaa litarudishwa getini. Bidhaa nzito mpeni wakala wa kago huko huko Deira, nyinyi mbebe nguo zenu. Na mkitaka kwenda ng'ambo ya Bur Dubai msipande teksi: abra, ile mashua ya kuvushia, ni dirhamu moja, mnavuka kwa dakika chache, na wala hakuna foleni ya feri ya Likoni.