Msaada wa serikali ya Marekani kwa biashara za Walatino: haki yao au upendeleo?

Mpiga Deki (mleta mada)
Wakuu, nipo Houston mwaka wa kumi na moja sasa. Nina kampuni ndogo ya usafi wa maofisi, watu sita, wanne ni Walatino, yaani wenye asili ya nchi za Amerika ya Kilatini kama Mexico na Honduras. Naomba tulijadili hili kwa hoja.

Tangu 1969, enzi za Nixon, serikali kuu ya huku ina ofisi ya kuinua biashara za makabila yenye watu wachache. SBA nayo, shirika la biashara ndogo, ina mpango wa 8(a) unaowatengea tenda za serikali watu waliobaguliwa. Zamani ukiwa Mlatino, Mweusi au mzawa wa asili, ulihesabiwa hivyo moja kwa moja. Julai 2023 jaji mmoja wa Tennessee akalifuta hilo, sasa kila mwombaji ajieleze mwenyewe alivyobaguliwa. Machi 2024 jaji wa Texas akaiambia ile ofisi ya Nixon ihudumie watu wote bila kutazama kabila. Mwaka 2025 Trump akaamuru ipunguzwe hadi pale tu sheria inapomlazimisha.

Swali: msaada wa kumlenga Mlatino uwepo au usiwepo? Mimi nasema uwepo. Ila nasema pia ulikuwa haumfikii aliyekusudiwa, na hilo ndilo linaloniuma.

Ngosha wa Dallas
Usiwepo. Sisi Waafrika tulikuja na makaratasi yetu, tukapanga foleni ubalozini, tukalipa ada. Tunabeba boksi usiku kucha na hakuna anayetutengea tenda. Wenzetu wanaruka ukuta halafu wawekewe fungu lao? Hapana.

Kibibi
Kaka Ngosha, "sisi" akina nani? Mimi nilikuja na visa ya shule 2009. Ada ikanishinda muhula wa tatu, visa ikafa nikiwa ghalani nabeba boksi za nguo. Miaka minne nililala na viatu mguuni, mlango ukigongwa moyo unasimama. Sikuja kwa kuruka ukuta, lakini karatasi sikuwa nayo, na humu tuko wengi tunaonyamaza.

Aliyenipa kitanda ni mama wa Honduras. Saa nane usiku anaamka, anakanda unga wa mahindi na mafuta ya nguruwe, anafunga tamale kwenye maganda ya mahindi, anazipanga wima kwenye sufuria moja kubwa la bati. Mimi Mwislamu, basi kila siku alinitengenezea zangu nne za maharage na kuzifunga uzi mwekundu zisichanganyike. Saa kumi na moja yuko kwenye geti la mjengo anauza. Hakuniuliza karatasi hata siku moja.

Ngosha wa Dallas
Dada, umekiri mwenyewe umevunja sheria, halafu mimi ndiye mbaya?

Nyali77
Bwana Ngosha, wewe ulikuja kwa bahati nasibu ya grini kadi, uliandika hapa mwaka jana ukishangilia. Je, unajua mtu wa Mexico haruhusiwi hata kucheza bahati nasibu hiyo? Nchi zinazotoa wahamiaji wengi zimefungiwa. Hiyo foleni unayomwambia apange, kwake haipo. Ulibahatika, mshukuru Mungu, lakini usigeuze bahati kuwa tabia njema.

Ngosha wa Dallas
Sikubahatika kulala. Nimefanya kazi mbili tangu siku niliyotua. Msinisemee maisha yangu.

Wakili Mtarajiwa
Jamani, turudi kwenye mada. Hilo la ukuta halihusiani na 8(a). Ili uingie, biashara lazima imilikiwe angalau asilimia 51 na raia wa Marekani, tena asiwe na mali nyingi: kikomo ni dola 850,000, ukiacha nyumba anayoishi na biashara yenyewe. Asiye na makaratasi haingii hata mlangoni. Mnagombana juu ya watu wawili tofauti: Mlatino raia mwenye kampuni, na mfanyakazi asiye na hadhi.

Mzee wa Ujiji
Lakini si New York waligawa dola elfu kumi na tano kwa wasio na makaratasi? Nilisikia, sikumbuki ni lini.

Wakili Mtarajiwa
2021, mzee wangu. Mfuko wa dola bilioni 2.1 kwa wafanyakazi waliokosa msaada wa korona, na kiwango cha juu kilikuwa dola 15,600. Ilibidi uthibitishe kwamba unaishi jimboni na kwamba kipato kilipotea. Ulifungwa Oktoba, hela zimekwisha. California ilitangulia 2020 kwa dola 500 kwa mtu. Yote hayo ni majimbo, siyo serikali kuu.

Ngosha wa Dallas
Mnaona sasa? Ni kodi yangu hiyo.

Kibibi
Ni yake pia! Huyo mama ana namba ya ITIN, ile ya kulipia kodi kwa asiye na namba ya hifadhi ya jamii, inayoanza na 9, na kila mwaka anapeleka kodi. Wachambuzi wa ITEP, taasisi ya utafiti wa kodi, walikadiria wasio na makaratasi walilipa kodi dola bilioni 96.7 mwaka 2022. Wengine wanakatwa hela za pensheni ambazo hawataziona.

Na 2020, zile dola 1,200 za korona serikali kuu iliyompa kila mtu? Mumewe ni raia wa Marekani, mtu wa Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani. Kwa kuwa walijaza fomu ya kodi pamoja na mke ana ITIN, nyumba nzima ilikosa, baba raia na watoto raia. Walikuja kurekebisha Desemba. Kuanzia Aprili hadi Desemba walikula nini? Nipo jikoni kwao, najua walikula nini.

Mpiga Deki
Dada Kibibi, pole, na asante kwa kusema.

Nieleze nilichokiona mwenyewe, maana ndicho kilichonifanya nilete mada. Aprili 2020 serikali ilitoa PPP, mkopo unaosamehewa ukilipia mishahara. Dola bilioni 349 ziliisha kwa siku 13. Benki yangu ilitanguliza wateja wake wenye mikopo mikubwa, mimi nikapata awamu ya pili. Jirani yangu ni fundi plasta kutoka Mexico, raia, ana vijana wanane. Tulikaa mezani kwangu, akatoa daftari la mraba: jina, siku, saa, dola, limejaa alama za saruji. Miaka sita hakuna kijana aliyepunjwa hata siku moja humo. Afisa wa benki akataka fomu za kodi za kila robo mwaka. Daftari hakulifungua. Fundi akalifunga kwa raba, akaondoka.

Huyo ndiye mfanyabiashara Mlatino ninayemjua. Mpango upo, jina lake limeandikwa juu, na kilichomshinda ni kukosa mtu wa kumwandalia hesabu. Serikali ingelipa mhasibu mmoja anayejua Kihispania kwa kila mtaa, ingefanya makubwa kuliko kutenga tenda za mamilioni ambazo fundi huyu hazigusi.

Shaban Kariakoo
Haya ya "jina lake limeandikwa juu" tunayajua. Kwetu halmashauri inatenga asilimia 10: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Vikundi hewa vikachota, 2023 serikali ikasimamisha mikopo. Mama muuza mboga hajui hata ilifunguliwa lini, hajui ilifungwa lini.

Nyali77
Na Kenya tuna AGPO tangu 2013, asilimia 30 ya tenda kwa vijana, wanawake na wenye ulemavu. Kupewa tenda si kazi. Kazi ni kulipwa! Nilipeleka madawati kwenye kaunti moja, nikalipwa baada ya miezi kumi na minne. Riba ya mkopo ilikuwa imeshakula faida na mbao zote.

Shaban Kariakoo
Miezi kumi na minne? Wewe ulikuwa na mtu ndani. Mimi nadai tangu mwaka juzi.

Nyali77
Sikuwa na mtu yeyote, na usinivunjie heshima. Nilikwenda pale kila Jumatatu, nikawa nafahamiana na askari wa geti kuliko ndugu zangu.

Wakili Mtarajiwa
Mada ni Marekani, wakuu. Kwa mwenye kampuni humu: 2025 SBA ilikaza masharti ya mikopo yake, kampuni ikatakiwa iwe ya raia au wenye grini kadi kwa asilimia 100. Mbia mmoja tu mwenye kibali cha muda alitosha kuwakosesha wote. Hili linamgusa Mlatino na linatugusa sisi. Kaka Ngosha, ukifungua kampuni na shemeji yako mwenye visa ya kazi, umo humo humo.

Ngosha wa Dallas
Sina shemeji huku. Nilioa baada ya kupata kadi, kwa hiyo mke haingii na mimi, anaombewa. Mwaka wa tatu huu yuko Mwanza. Mtoto nimemshika mara mbili. Tunafuata kila hatua, kila karatasi, kila ada, halafu nasoma mtu aliyekaa bila karatasi anapewa elfu kumi na tano. Mnaniambia nisiumie?

Nyali77
Hilo hukulisema mwanzo, bwana. Nayarudisha yale maneno ya tabia njema.

Kibibi
Kaka, mimi miaka hiyo minne mama yangu alifariki Tanga, nikazika kwa simu. Sikushindani maumivu. Ila aliyekuweka mbali na mkeo si yule mama wa tamale.

Mpiga Deki, huyo fundi plasta aje Jumamosi na daftari lake. Nasoma uhasibu sasa, na Kihispania nilifundishwa jikoni.

Mpiga Deki
Atakuja. Lipo vilevile, kaongeza la pili.

Kibibi
Ngosha, mkeo ameshapewa tarehe ya usaili?

Ngosha wa Dallas
Mwezi ujao, Dar. Tarehe 14.