Nina Gold na watoto watatu: haya manufaa ya hoteli yanawahusu na wao?

BabaWatatu:

Wakuu, habari za muda huu. Naomba mwanga kwa wanaozielewa programu za uanachama za hoteli kubwa.

Mimi ni fundi wa mitambo ya hospitali, kazi yenyewe ni ya kusafiri. Mwaka huu nimelala usiku 31 kwenye hoteli za Marriott, wamenipandisha hadi daraja la uanachama la Gold, na pointi zimerundikana kwenye akaunti, sijagusa hata moja. Likizo ya shule inakaribia na nataka kuipeleka familia mapumziko ya usiku nne. Tuko watano: mimi, mke wangu, na watoto wa miaka 13, 9 na 3. Itakuwa mara yetu ya kwanza kulala hotelini wote pamoja. Nimekuwa nikiwatumia picha za vyumba kwa simu miaka yote hii, sasa nataka wavione.

Ninachouliza: kifungua kinywa, launji (ukumbi wa mapumziko wa wanachama), kuongezewa hadhi ya chumba, kuchelewa kutoka, ni vya mimi mwenye kadi au vya familia yote? Pia mwenzangu kazini ananishauri nitafute usiku 19 uliobaki nifike daraja la Platinum kabla ya mwaka kuisha, hata kama ni kulipa kwa fedha yangu. Kuna faida?

Nimeshabuku chumba kimoja kwa wageni wawili. Watoto nimeona tutabanana nao humo humo.

DadaWaMapokezi:

Kaka, karibu. Nimefanya kazi mapokezi miaka 11, hoteli tatu tofauti, na kilichonifanya niandike ni hayo maneno yako ya mwisho. Rekebisha buking yako leo, kabla hujasoma mengine yote.

Usiku mmoja, inakaribia saa sita, ilinifikia familia kama yenu. Mtoto mdogo alikuwa amesinzia juu ya sanduku, shavu limelalia mpini. Baba akanipa kadi, ya daraja la juu kabisa. Nikafungua skrini: watu wazima 2, watoto 0, chumba cha kitanda kimoja. Hoteli ilikuwa imejaa mpaka chumba cha mwisho. Idadi ya watu kwa kila chumba imewekwa kwa sababu ya usalama wa moto, si mimi wala meneja wangu tungeweza kuizidisha. Ile kadi ilimpatia chupa mbili za maji. Nilipiga simu hoteli za jirani hadi nikapata chumba, mama na watoto wawili wakaondoka kwa teksi, baba akabaki na yule mdogo. Hakunifokea. Alimbeba mwanawe akasimama anaangalia mlango waliotokea wenzake. Tangu siku hiyo kila mzazi anayeniuliza habari za kadi namuuliza kwanza: mko wangapi, na umeandika wangapi?

Andika watu wazima 2, watoto 3, na umri wa kila mmoja. Umri una maana: hoteli moja humhesabu wa miaka 13 kama mtoto, nyingine kama mtu mzima, na wa miaka 3 pengine ataingia kwenye kitanda cha mtoto, pengine hataruhusiwa. Chumba cha vitanda viwili vikubwa kwa kawaida kinaishia watu wanne. Wewe una watano. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa unahitaji vyumba viwili, na ni bora ulijue hilo ukiwa nyumbani.

Sasa manufaa. Programu hizi zilibuniwa kwa ajili ya mtu anayesafiri kikazi, yaani wewe wa siku za kazi. Holiday Inn na Marriott walianzisha za kwao mwaka 1983, miaka miwili baada ya American Airlines kuanzisha ya ndege. Hesabu yao ni mwanachama na mgeni mmoja. Gold ya Marriott uliyo nayo haina kifungua kinywa kabisa. Ina pointi za nyongeza na ombi la kutoka saa nane mchana iwapo nafasi ipo. Kifungua kinywa na launji vinakuja Platinum, kwa usiku 50, navyo ni wewe na mtu mmoja. Gold ya Hilton, ambayo jina lake ni lile lile, kifungua kinywa inacho, ila nayo ni ya watu wawili, na Marekani wanakupa kiasi cha fedha za chakula badala yake. Kwa hizi kubwa, niliyoona imewakumbuka watoto waziwazi ni daraja la Globalist la Hyatt: watu wazima wawili na watoto wawili wa chumba hicho. Lakini Globalist ni usiku 60.

Kwa hiyo usiku 19 wa kulipa mfukoni, hapana kaka. Utalipa wote huo halafu watoto wako watatu bado wataingia kwenye bili kila asubuhi.

Kuna vitu vya familia ambavyo havihitaji daraja lolote, na wageni wengi hawavijui kwa sababu macho yao yako kwenye kadi. Mwanzilishi wa Holiday Inn, Kemmons Wilson, mwaka 1951 alisafiri na mkewe na watoto watano kutoka Memphis kwenda Washington, na njiani moteli zikawa zinamtoza nyongeza kwa kila mtoto. Lilimuuma. Mwaka uliofuata akafungua ya kwake Memphis, watoto wakilala bure chumbani kwa wazazi. Hadi leo hoteli nyingi za jina hilo huwalaza watoto bure na kuwalisha wadogo bure wakila na mzazi. Umri na masharti hutofautiana, uliza hoteli yenyewe. Novotel nao wana utaratibu wa watoto wawili walio chini ya miaka 16 kulala chumba cha wazazi na kupata kifungua kinywa bila malipo. Hakuna anayekuuliza umelala usiku ngapi mwaka huu.

MkusanyaPointi:

Naunga mkono aliyotangulia kuyasema dada. Naongeza upande wa pointi.

Mkuu, usibuku usiku nne. Ukilipa kwa pointi Marriott, ukikaa usiku tano mfululizo, ule wenye pointi chache kuliko yote hulipii. Kila mwanachama anapata hilo, hata asiye na daraja. Hilton wanao utaratibu wa usiku wa tano bure pia, lakini kuanzia daraja la Silver. Maana yake familia inapata siku nzima zaidi kwa pointi zile zile.

Angalia pia tarehe. Bei ya pointi haijakaa mahali pamoja, hupanda na kushuka kama bei ya fedha, na likizo ya shule ndipo inapopanda. Sogeza safari siku mbili tatu mbele au nyuma uone. Na kama unaenda risoti, soma kama kuna ada ya risoti ya kila siku. Hilton na Hyatt huifuta kwa wanaolala kwa pointi. Marriott huitoza hata kama chumba ni cha pointi.

Mwisho, buku kwenye tovuti au programu ya simu ya hoteli yenyewe. Ukipitia wakala wa mtandaoni, kwa kawaida hupati pointi, usiku hauhesabiwi, na daraja lako mapokezi si lazima walitambue.

BabaWatatu:

Asanteni sana, nimeshtuka kwa kweli. Hiyo habari ya mtoto kwenye sanduku nimemsomea mke wangu, naye akaniambia nisiweke simu chini mpaka nirekebishe.

Dada, tukichukua vyumba viwili, nawezaje kuhakikisha ni vile vyenye mlango wa ndani? Wa miaka 3 hawezi kukaa upande bila mmoja wetu, na sitaki tugawanyike kwenye korido.

DadaWaMapokezi:

Hapo ndipo wageni wengi huumia, ngoja nikueleze kwa undani.

Ile sehemu ya kuandika "ningependa vyumba vinavyoungana" ni ombi tu. Hoteli ya vyumba mia mbili huenda ina jozi chache sana za namna hiyo. Asubuhi nagawa vyumba, nawawekea jozi. Saa nne mgeni wa chumba kimojawapo anapiga simu, anaongeza usiku. Jozi imevunjika, na sina haki ya kumtoa. Jioni mnafika nawapa vyumba viwili vya ghorofa moja, pengine hata si ghorofa moja, na kwenye mfumo inasomeka kwamba ombi lilizingatiwa.

Hilton tangu 2021 wana njia ya kubuku vyumba vinavyoungana vikathibitishwa papo hapo, kwenye hoteli zao zenye vyumba hivyo. Kwingine, fanya hivi: piga simu hoteli yenyewe, si kituo cha simu cha kampuni. Piga mchana kati ya saa nane na saa kumi, wanaotoka wameshatoka na wanaoingia hawajajaa. Omba kuzungumza na anayegawa vyumba. Mwambie umri wa watoto, hasa huyo wa miaka 3, kisha umwombe akuandikie barua pepe yenye jina lake. Siku mbili kabla ya safari piga tena. Nikiona kwenye buking kuna barua pepe ya mwenzangu, ile jozi nailinda tangu asubuhi, kwa sababu nikiitoa lawama inanirudia mimi.

Jambo lingine: ukilala chumba kimoja na kulipia vyote, pointi unazipata kwa vyumba hadi vitatu. Lakini manufaa ya daraja hukaa na chumba chako. Kama ungekuwa na kifungua kinywa, walio chumba cha pili wasingehesabiwa. Usije ukaahidi watoto kitu kwa kadi hiyo kabla hujauliza.

Na siku ya kutoka usione haya kuomba muda kwa ajili ya usingizi wa mchana wa mtoto. Wengi huomba bila kutoa sababu. Wewe itaje. Sisi tulioko pale ni wazazi pia, na chumba kisichohitajika mpaka jioni tunakijua.

MamaPacha:

BabaWatatu, tafadhali ingia kwenye akaunti uone lini pointi zako zinaisha. Mimi nilipojifungua mapacha sikusafiri muda mrefu. Niliporudi kuangalia akaunti ilikuwa inasoma sifuri. Pointi zote zilikuwa za safari zangu za kazi, na nilikuwa nimeziweka ili niwapeleke wanangu baharini. Nililia, sioni aibu kusema.

Marriott, Hilton na Hyatt hufuta baada ya miezi 24 bila shughuli yoyote. Accor, wenye Novotel, ni mwaka mmoja. Kwa hizo tatu za kwanza shughuli si lazima iwe kulala: kutumia pointi chache au kuzinunua huanzisha hesabu ya miezi upya. Na kama mkeo naye husafiri, mfungulie uanachama wake. Hilton huruhusu familia na marafiki kuchangia pointi kwenye kapu moja bila malipo. Usiku tano hujaa haraka mkichanga wawili.

BabaWatatu:

Narudi kuwapa mrejesho. Nilipiga simu saa nane na nusu mchana kama dada alivyosema. Aliyepokea aliniambia kile chumba nilichobuku mwisho wake ni watu watatu. Watatu!

Nimekifuta, bado nilikuwa ndani ya muda wa kufuta bila makato. Nimechukua vyumba viwili usiku tano, kimoja kwa pointi, kimoja kwa fedha, nimesogeza safari hadi wiki ya mwisho ya likizo ambapo pointi zilikuwa pungufu. Watoto wote watatu wameandikwa na umri wao. Barua pepe ya vyumba vinavyoungana imeingia jioni hii, ina jina la aliyeandika, na chini ameongeza kwamba kitanda cha mdogo kitawekwa upande wa mama yake.

Usiku 19 nimeachana nao. Yule wa miaka 9 ameshachora vyumba viwili kwenye daftari, na mlango katikati.