Msimchangie Faraji damu

Shangazi Tanga: Asalaam alaykum nyote. Nasikia damu (himoglobini) ya Faraji imeshuka hadi 7.4. Jumamosi nakuja na vijana wanne tumchangie. Nani ana nafasi kwenye gari?

Mama Mdogo: Waalaykum salaam wifi. Mungu akulipe, ila kwa hilo msije. Anayesubiri figo hawekewi damu ya mtu mpaka iwe hatari ya maisha. Damu ya mtu huja na chembe nyeupe za mwenyewe. Mwili wake ukiziona ngeni unatengeneza kinga, na kinga hiyo inaweza kukaa miaka. Siku ya kupimwa na mtoaji figo, majibu yanakataa.

Zai: Sasa 7.4 si ataanguka?

Mama Mdogo: Anachomwa erithropoetini, dawa ya kuongeza damu, kila akimaliza mashine ya kusafisha damu, na madini ya chuma kwenye mshipa. Inapanda taratibu, hesabuni wiki kadhaa. Isipopanda, tunauliza: chuma kimepungua? Mpira wa shingoni anaounganishiwa mashine umeingia maambukizi? Au dawa iliganda? Inakaa nyuzi 2 hadi 8, mlango wa chini wa friji. Zile mlizoweka juu karibu na barafu zimetupwa zote 😔

Mjomba Maabara: Na ikibidi kabisa kumwongezea, iombwe iliyochujwa chembe nyeupe. Hamisi, yako isiguswe kabisa. Anayetaka kutoa figo hatangulizi damu.

Shangazi Tanga: Lahaula. Kumbe. Haya, na kwenye foleni yeye ni wa ngapi?

Mjomba Maabara: Dada, hakuna foleni. Muhimbili wanapandikiza tangu Novemba 2017 na Benjamin Mkapa pale Dodoma tangu 2018, lakini figo inatoka kwa ndugu aliye hai. Foleni ni sisi wenyewe.

Hamisi: Mjomba, mimi nimebakiza nini?

Mjomba Maabara: Kundi la damu umepita, O kwa O. Chanya au hasi kwenye figo haina neno. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja, nafasi ya kufanana naye kabisa ni moja kati ya nne, ya kufanana nusu ni mbili kati ya nne. Nusu inatosha kuendelea. Bado protini kwenye mkojo, sukari, presha, homa ya ini B na C, VVU, na picha ya CT ya kuonyesha kila figo yako ina mishipa mingapi. Ya mwisho ndiyo ngumu: seramu ya Faraji, yaani maji ya damu yake, inachanganywa na chembe zako nyeupe. Zikifa, hapo hakuna upasuaji. Inarudiwa tena siku chache kabla, kwa hiyo usishangae kutobolewa mara mbili.

Na ukighairi, mwambie daktari wako pembeni. Sisi tutaambiwa tu kwamba hukufaa.

Hamisi: Sighairi.

Mjomba Maabara: Nimekwambia tu ujue.

Mama Mdogo: Tuje kwenye maji, hapa ndipo tunapomharibu. Uzito wake mkavu, yaani bila maji ya ziada, ni kilo 52. Jumatatu kafika na 55.1, yaani lita 3.1 za ziada. Mashine haitakiwi kuvuta zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo kwa saa, yaani lita 2.7 kwa saa 4. Hiyo 0.4 iliyobaki wakilazimisha, presha inaporomoka na miguu inakaza. Wasipolazimisha, anarudi nayo nyumbani kwenye mapafu.

Faraji: Ilikuwa supu ya Jumapili 🙈

Mama Mdogo: Supu ni maji. Uji ni maji, tikiti ni maji, barafu ni maji. Kipimo chake ni mkojo wa jana jumlisha mililita 500. Jana 200, leo 700. Asubuhi jaza chupa ya 700. Ukinywa kikombe cha chai, mwaga kikombe hicho hicho kutoka kwenye chupa. Chupa ikiisha, umemaliza siku. Na chumvi ndiyo inayoleta kiu, kwa hiyo achari na vile vipande vya mchuzi viondoke jikoni.

Shangazi Tanga: Mimi nimeshamwekea madafu na mbilimbi za shambani.

Mama Mdogo: Wifi!! Madafu ni potasiamu tupu, moyo unasimama bila hodi, hasa Jumapili maana tangu Ijumaa hajasafishwa. Mbilimbi zina oksaleti, hizo zinaua hata figo nzima. Lete embe mbili za wengine, yeye mletee tufaha. Viazi menya, katakata vidogo, chemsha kwa maji mengi, mwaga, chemsha tena.

Shangazi Tanga: Basi nitaleta na mchele.

Faraji: Na jamani, mkono wa kushoto msinishike wala kunipima presha. Fistula, ule mshipa uliounganishwa kwa ajili ya mashine, ina wiki 5, bado haijakomaa. Nikiweka vidole asubuhi natakiwa nisikie inatetemeka. Ikinyamaza ni hospitali siku hiyo hiyo.

Bibi (anaandika Zai): Bibi anauliza, zile figo mbovu wakizitoa wanazitupa wapi?

Mama Mdogo: Shikamoo mama. Kwa kawaida hazitolewi. Mpya inawekwa chini ya tumbo, upande wa kinena.

Bibi (anaandika Zai): Anasema kwa hiyo atakuwa na tatu?

Mama Mdogo: Tatu.

Bibi (anaandika Zai): Anasema basi fundi aambiwe, suruali ya Idi isibane kiunoni.